Kidole Kabla ya Neno

Mtoto akitimiza miezi 18 hurudishwa kliniki kwa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Foleni ndefu, jua limeshapanda, watoto wanaambukizana kilio. Wako ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unajazwa kwenye kadi, anachomwa sindano, anabembelezwa, na wewe unakimbilia daladala ukaanze kazi za siku. Kilo zake zimejulikana. Lakini ni nadra mno mtu akuulize: mama, huyu mwanao hukuonyesha vitu kwa kidole?

Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali hilo moja. Katika familia yetu hakuna aliyetuuliza, na sisi wenyewe hatukujua kuwa ni la kuulizwa.

Mpwa wangu alikuwa na namna yake ya kuomba maji. Alimshika mama yake kifundo cha mkono, akamvuta mpaka kwenye ndoo, akauweka ule mkono juu ya mfuniko, akangoja. Usoni hakumtazama. Ni kana kwamba mkono ule haukuwa na mwenyewe. Sisi tukamsifu: huyu hana usumbufu, anajua anachotaka. Maneno hayakuja, tukaendelea kuyasubiri. Bibi yake alisema watoto wa kiume huchelewa. Jirani akasema ulimi umefungwa, apelekwe akakatwe chini. Mimi niliyejiona nimesoma nikasema hata babu yake alichelewa. Alikuwa na miaka mitatu na nusu mwalimu wa chekechea alipomwita dada yangu pembeni.

Kosa letu lilikuwa kuhesabu maneno. Mazungumzo ya mtoto huanza miezi mingi kabla ya neno la kwanza. Kabla hajasema "mama" huinua mikono abebwe, hupunga anapoagwa, huficha uso kwenye kanga akafichua na kucheka akikutazama kama nawe unacheka. Na kuanzia kama miezi tisa hadi kumi na minne, hunyoosha kidole cha shahada.

Vidole vyenyewe ni viwili, na ndipo penye siri. Kipo kidole cha kuomba: naitaka ile ndizi. Na kipo kidole cha kushirikisha: tazama, kunguru! Mtoto hataki umkamatie kunguru yule. Anataka mumwone pamoja, na akishaonyesha hugeuka kukutazama usoni kuhakikisha umeona. Kwa watoto wengi wenye usonji kidole hiki cha pili huchelewa sana au hakiji kabisa. Na hata wewe ukinyoosha chako kuelekea juu ya mwembe, mtoto hutazama mkono wako, au hatazami chochote. Basi jaribu leo. Toka naye nje, onyesha ndege, paka, lori linalopita, na umwangalie yeye badala ya lori. Ukiona hafuati kidole chako, na yeye hakuonyeshi chochote, na amefika miezi 18, usingoje afike miaka miwili.

Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua tangu mapema kabisa. Hauambukizi, wala si wazimu. Wataalamu hutazama pande mbili, na zote mbili lazima ziwepo ndipo jina hilo litumike. Upande wa kwanza ni namna mtoto anavyohusiana na kuwasiliana na watu. Wa pili ni kurudiarudia: vitendo, ratiba, mambo machache anayoyang'ang'ania, pamoja na hisia zilizo kali kupita kiasi au hafifu kupita kiasi. Ndani ya uwanja huo mpana utakuta mtoto ambaye hatasema neno maisha yake yote na mwingine anayeongoza darasani kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo shule ya msingi yenye wanafunzi 600 ingekuwa na watoto wanne au watano. Kama mwalimu mkuu anakwambia hajawahi kumwona hata mmoja, huenda wapo nyumbani, au wapo darasani na wanachapwa kwa utukutu.

Nirudi kwenye dalili, maana hapo ndipo familia hupotea.

Jina. Mtoto wa mwaka mmoja akiitwa na sauti anayoijua hugeuka. Mwite ukiwa nyuma yake au nyuma ya mlango, kwa sauti ya kawaida, asipokuwa amezama kwenye mchezo, na urudie siku kadhaa. Asipogeuka, watu husema ni kiziwi. Halafu mtu anakwaruza pakiti ya biskuti chumba cha pili na mtoto anakuja mbio! Mkanganyiko huo, sauti ya mtu haimgusi ila sauti ya kitu inamvuta, ni wa kuandikwa kwenye daftari. Hata hivyo masikio yapimwe hospitalini, kwa vifaa. Kumgongea sufuria nyuma ya kisogo hakutoshi, kwa sababu mtoto anaweza kusikia mshindo mzito wa sufuria na asisikie sauti nyembamba kama "s" na "f". Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri hufanana kwa mengi na mwenye usonji. Anaweza pia kuwa na yote mawili.

Macho. Hapa vitabu vya Ulaya na Marekani vinahitaji kusomwa kwa akili yetu. Vinasema mtoto mwenye usonji hutambulika kwa kuwa hatazami watu machoni. Lakini sisi tunawafundisha watoto kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Anayemkodolea babu macho huambiwa hana haya. Kwa hiyo usimpime mtoto kwa namna anavyomtazama mgeni au daktari. Mpime pale adabu haihusiki: akinyonya, akitekenywa, akirushwa juu na baba yake, akianguka na kuumia. Je, anautafuta uso wako? Akipewa kitu kipya asichokijua, anakutazama kwanza aone kama wewe unakiogopa? Na kinyume chake pia kipo. Mtoto asiyeitikia wala kuamkia husemwa kuwa amelelewa vibaya, na mama yake hubeba lawama hiyo kila msibani na kila harusini. Wengine huweza kusema "shikamoo" barabara kabisa, wakaisema kwa mkubwa, kwa mdogo, na kwa mbuzi, kwa sauti ileile.

Mchezo. Watoto wetu hupika mchanga kwenye vizibo, hutengeneza gari kwa kandambili kuukuu, hujifanya baba na mama. Kujifanya huko, kuufanya mchanga uwe ugali, huanza karibu na mwaka mmoja na nusu. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hulipindua gari akazungusha gurudumu moja saa nzima. Hupanga vizibo mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, na ukisogeza kimoja dunia inaanguka. Hukodolea pangaboi. Hupunga viganja anapofurahi, hutembea kwa ncha za vidole, huzunguka bila kizunguzungu. Watoto wote hupenda kurudia, hilo tusilisahau; anayetaka hadithi ileile ya sungura usiku kumi mfululizo hana tatizo. Kinachopaswa kukushtua ni uzito wa jambo: mmepita njia nyingine kwenda dukani na mtoto analia mpaka anatapika.

Hisia zake nazo zichunguze. Mashine ya kinyozi, blenda, king'ora, mseto wa kelele za stendi humwumiza kweli, ndiyo maana huziba masikio au hujitupa chini. Nguo yenye lebo shingoni haivaliki. Chakula ni aina tatu tu, na wali ukigusana na mchuzi hauliwi tena. Pengine huyohuyo hujichoma na jiko na asilie.

Kuhusu usemi, Kiswahili kinatupa alama ambayo vitabu vya kigeni haviielezi kwa namna yetu. Watoto wengi wenye usonji hurudia maneno ya wengine kama mwangwi: tangazo la redio, adhana, sentensi ya katuni. Hurudia pia swali badala ya kulijibu. Unamwuliza, "Unataka maji?" naye akiwa na kiu husema, "Unataka maji." Sikiliza kile kiambishi cha mwanzo. Miezi inapita na *una-* haijageuka kuwa *na-*. Usimkaripie kwa kukuiga. Kwake hiyo ndiyo sentensi ya maji, na anaitumia kwa maana. Mjibu kwa kumpa umbo sahihi, "Nataka maji," huku ukimmiminia.

Wasichana hupitwa. Wavulana wanaotambuliwa ni kama watatu au wanne kwa kila msichana mmoja, na sehemu ya pengo hilo inatokana na macho yetu. Msichana mkimya anayewaiga wenzake na kukaa kando huitwa mpole, mtulivu, aliyefunzwa. Anaweza kumaliza shule ya msingi kabla mtu hajagundua kuwa kila jioni anarudi amechoka kwa kuigiza.

Kuna jambo moja lisilovumilia kusubiri hata wiki chache: mtoto aliyekuwa na maneno, au aliyekuwa akipunga na kuitikia, akaviacha. Karibu theluthi ya watoto wenye usonji hupoteza ujuzi waliokuwa nao, na mara nyingi hutokea kati ya miezi 15 na 24. Nenda hospitali, hasa kama amewahi kupata degedege au unamwona akizubaa ghafla na kupotelewa kwa sekunde kadhaa. Kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine, na kina dawa.

Umri huo ndio unaotuletea balaa la chanjo. Sindano ni miezi 18, maneno yanapotea miezi 18 au 19, mama anaunganisha. Ninamwelewa kabisa, maana akili ya binadamu hutafuta kilichotangulia. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza aliandika katika jarida la *The Lancet* kuhusu watoto 12, akaashiria uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Ilikuja kubainika kuwa kazi ile haikuwa ya uaminifu. Mwaka 2010 jarida liliifuta, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Nchini Denmark watafiti waliwafuatilia watoto 657,461 na kutoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Surua huua. Mpeleke mtoto akachanjwe, na siku hiyohiyo, ukiwa mbele ya muuguzi, taja lile jambo la kidole. Safari moja, faida mbili.

Sasa lawama. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya walisikia mapepo, uchawi na laana zikitajwa kuwa chanzo, sambamba na maambukizi na matatizo ya uzazi. Katika nyumba nyingi mazungumzo hayo humwishia mwanamke: ukoo wake, mwenendo wake, alichokula akiwa mjamzito. Waume wameondoka kwa sababu hiyo. Wala tusidhani ni ujinga wa huku peke yake. Leo Kanner, daktari aliyeeleza usonji mwaka 1943 kwa kuwachunguza watoto 11 huko Baltimore, Marekani, aliwaona wazazi wao kuwa watu baridi, na baadaye Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima, mwaka 1967, kilichowatwisha akina mama mzigo huo. Wazungu wenye shahada za juu waliwaumiza wanawake kwa miaka mingi kwa jambo ambalo halikuwa kweli.

Kilichosaidia kuuvunja uongo huo ni mapacha. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Ikawa wazi kuwa urithi una nguvu kubwa, na tafiti zilizofuata zimelithibitisha hilo. Folstein huyohuyo, miaka karibu 30 baadaye, alishiriki na wenzake wa Tanzania kuwachunguza watoto wenye usonji nchini, na baadhi ya wazazi walisimulia kuwa dalili zilianza baada ya malaria kali. Kwa hiyo chandarua kina kazi yake hata hapa. Baridi ya mama haimo popote katika hesabu hiyo.

Dua sina ugomvi nayo. Nyumbani kwetu ilisomwa na inasomwa bado. Ninachopinga ni kumchanja mtoto chale, kumfunga kamba, kumnyima chakula, kumnywesha vitu visivyojulikana, na kulipa mamilioni kwa anayeahidi kuutoa usonji, awe na kibuyu au awe na koti jeupe. Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia hiyo dawa anakuibia pesa, na miezi ambayo mtoto angekuwa anajifunza.

Uende wapi? Anza na kituo cha afya na uombe rufaa. Usiridhike na "atasema tu". Nchini Tanzania hospitali za rufaa na hospitali kubwa kama Muhimbili zina madaktari wa watoto na wa afya ya akili. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu maalumu vinavyofahamika kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984, ambavyo humpima mtoto na kuelekeza shule. Usitarajie kipimo cha damu wala picha ya ubongo itakayosema huyu ana usonji. Daktari atauliza, atamtazama mtoto akicheza, atauliza tena. Huenda akatumia M-CHAT-R, orodha ya maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Maswali hayo huonyesha nani achunguzwe zaidi, hayatoi hukumu.

Nenda umejiandaa. Mtoto anaweza kukaa kimya dakika kumi za daktari na vurugu zote zikabaki nyumbani, kwa hiyo mrekodi kwa simu: akiitwa jina, akicheza peke yake, akila, akikasirika, akiwa na watoto wengine. Dakika mbili mbili zinatosha. Andika kwenye daftari alitembea lini, alisema nini na lini, aliacha lini. Beba kadi ya kliniki. Na baba aende, tafadhali. Mama akirudi peke yake na jina hilo zito, kazi ya kulieleza kwa ukoo mzima inakuwa yake, na hiyo ndiyo siku ndoa nyingi huanza kupasuka.

Foleni ya mtaalamu wa tiba ya kuzungumza inaweza kuwa ya miezi, nao ni wachache. Usingoje umekunja mikono. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi, vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa, kwa kuwa imeonekana kuwa mzazi aliyefundishwa humsaidia mwanawe kweli. Uliza kama yapo karibu nawe. Shule ikimkataa, usiondoke kimya: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtambulia haki ya kusoma, na afisa elimu maalumu wa wilaya anapaswa kukusikiliza.

Funika kisima. Ninaandika hili peke yake kwa sababu watoto wengi wenye usonji huchomoka nyumbani bila hofu na huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa hatari kubwa zinazowaua. Komeo liwe juu, namba ya simu ishonwe kwenye nguo, muuza genge na vijana wa bodaboda wajulishwe sura yake.

Na zungumza naye kwa lugha ya nyumbani kwako. Kuna wazazi huambiwa waache Kisukuma, Kidigo au Kiswahili wamwongeleshe Kiingereza tu kwa kuwa lugha mbili zitamchanganya. Hazimchanganyi. Lugha utakayomchekea, kumwimbia na kumbembelezea vizuri ndiyo itakayomfaa.

Kazi yenyewe ya kila siku ni ndogo na inachosha. Keti chini, uso wako uwe usawa wa uso wake. Fuata anachokitazama yeye na ukitaje: "Gurudumu. Linazunguka." Maneno machache. Akigonga meza, nawe gonga, ungoje. Kabla ya kutoka nyumbani mwonyeshe picha ya mnakokwenda. Kikombe usimletee kabla hajakitaka. Kiweke anapokiona asipokifikia, ukae karibu, uhesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Kumi ni ndefu sana mama akiwa na haraka. Dada yangu ilimchukua wiki kadhaa kuzoea kutoujaza ule ukimya. Unachokisubiri si lazima kiwe neno. Inaweza kuwa jicho lililokugusa mara moja likaondoka, mkono ulionyanyuka nusu, kidole kilichojikunjua kikaelekea ndooni. Kikitokea, usiombe kingine. Mpe maji hapo hapo.